Namna ya kujenga daraja la Golden Gate juu ya ubao wa plaiwudi

Kila mwaka nikiwagawia wanafunzi wangu vifaa, wote huanzia palepale: wanashika barabara. Wanakata kadibodi, wanachora mistari ya magari, kisha wananiuliza, "Mwalimu, sasa tuitundike wapi?" Nawaambia waiweke pembeni kwanza, tutaihitaji wiki ya tatu. Katika daraja la kuning'inia barabara ndiyo inayokuja mwisho. Kwanza nanga, yaani vizito vinavyoshikilia ncha za kamba, halafu minara, halafu kamba kuu, halafu kamba za wima zinazoishikilia barabara. Ukigeuza mpangilio huo, kazi itakuporomokea mikononi. Nayasema haya kwa kuwa iliwahi kuniporomokea mimi, mbele ya wageni.

Nafundisha fizikia sekondari, Muheza mkoani Tanga, na huu ni mwaka wa saba najenga daraja hili na Kidato cha Tatu. Nimelichagua Golden Gate la San Francisco, Marekani, kwa sababu mbili. Ya kwanza, habari zake zinajulikana kwa vipimo, kuanzia unene wa waya mmoja hadi urefu wa mnara. Ya pili, vipimo hivyo vinakaa kwenye ubao wa plaiwudi kama vile vilipimwa kwa ajili yetu. Umbali kati ya minara yake miwili ni mita 1,280. Chukua skeli ya moja kwa elfu, utapata sentimita 128. Ubao mzima wa plaiwudi una futi 8, yaani sentimita 244. Minara inakaa, nanga zinakaa, na hakuna kinachobaki hewani.

Kabla ya msumeno kuguswa, darasa lielewe ni daraja la aina gani. Wanafunzi wangu wengi wameliona la Kigamboni, wakidhani yote yenye kamba ni ndugu. La Kigamboni, lililofunguliwa 2016, kamba zake zinatoka mnarani moja kwa moja, zimenyooka, hadi kwenye barabara yenyewe. Golden Gate haliko hivyo. Kamba kuu inatoka ardhini, inapanda hadi kichwa cha mnara, inashuka ikifanya tumbo katikati ya maji, inapanda mnara wa pili, inarudi ardhini. Barabara haifungwi kwenye minara kwa kamba. Inaning'inizwa kwenye kamba kuu. Kwa Afrika, daraja la namna hii lililo refu kuliko yote ni la Maputo–Katembe, Msumbiji, lililofunguliwa 2018: kati ya mnara na mnara ni mita 680. Urefu huo ni sawa na daraja zima la Kigamboni, mwanzo hadi mwisho. Kongo nako lipo la Matadi, tangu 1983.

Vipimo na vifaa

Haya ndiyo ya kuandika ubaoni. Mnara una mita 227 kutoka usawa wa maji, kwa hiyo sentimita 22.7. Barabara tutaiweka sentimita 7.4 juu ya ubao. Tumbo la kamba, yaani kiasi inachoshuka kutoka kichwa cha mnara hadi katikati, ni mita 143, kwetu sentimita 14.3. Upana halisi wa barabara ni mita 27, ambao ungetupa sentimita 2.7, na vidole vya mtu haviwezi kufunga uzi katika upana huo. Mimi natumia sentimita 8. Waambie wanafunzi wazi kwamba hapo tumeiacha skeli, na kwa nini.

Mpe fundi seremala ubao wa plaiwudi wa milimita 18 akukatie utepe wa upana wa sentimita 40, urefu wote. Mwombe pia fito za inchi moja kwa moja kwa ajili ya minara, na mabaki ya plaiwudi nyembamba ya milimita 3. Duka la vifaa litakupa gundi ya mbao, msasa, misumari ya inchi moja, kulabu nne ndogo za kukaza, na saruji kidogo ya kupimiwa. Kwa fundi cherehani nunua kijiti kikubwa cha uzi wa poliesta. Usikubali uzi wa pamba, maana masika ikiingia unavuta unyevu na kulegea. Sokoni chukua vijiti vya mishikaki, pakiti sita za chumvi za nusu kilo, na kipande cha chandarua kilichochakaa. Futi kamba, koleo na pima maji viwepo karibu muda wote.

Nanga

Mwaka wa kwanza nanga zangu zilikuwa mawe mawili mazuri kutoka mtoni, kila moja limezungushiwa waya. Daraja lilipendeza sana. Siku ya maonyesho ya shule mgeni mmoja akaweka mkono katikati ya barabara, taratibu kabisa, kusikia kama ni imara. Mawe yakateleza. Minara yote miwili ikainamiana, kamba ikashuka, barabara ikalala ubaoni. Wanafunzi walionyamaza siku ile ndio waliofanya nitafute hesabu ya kosa lenyewe, na hesabu ni hii.

Kamba iliyotundikwa inavuta kwa ubavu kuliko mtu anavyodhani. Ukigawa sentimita 128 kwa tumbo la 14.3 unapata takriban 9. Mzigo ukitandazwa sawasawa barabarani, nguvu ya kamba kuvuta kwa ulalo ni mzigo wote mara 9, gawanya kwa 8. Kwa hiyo kilo 2 za chumvi zinavuta nanga kwa nguvu ya kilo 2 na robo. Punguza tumbo liwe nusu, ili daraja lionekane bapa na maridadi, na nguvu hiyo inakuwa maradufu. Mawe yangu hayakuwa na kilo moja na nusu kila moja.

Sasa tunafinyanga nanga za zege. Tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 14, upana 14, kimo 10. Changanya saruji moja, mchanga mbili, kokoto ndogo tatu, maji ya kulainisha tu yasije yakaelea juu. Kabla zege halijashika, chomeka kulabu mbili usoni pa nanga, sentimita 3 kutoka chini, zikiachana sentimita 8. Liache siku tatu, ulinyunyizie maji asubuhi na jioni. Utapata nanga ya karibu kilo 4 na nusu. Ya upande wa pili vilevile.

Nanga ikae mwisho kabisa wa ubao, uso wake ukiwa sentimita 44 kutoka kwenye mnara. Usiipigie kizuizi chochote bado. Tuna jambo la kuona hapo baadaye.

Nanga za Golden Gate ni majabali ya zege, kila moja karibu tani 54,000, yaliyochimbiwa na kushikana na mwamba wa pwani. Watalii wanapiga picha za minara. Mimi nikionyesha picha hizo darasani naanza kwa kuonyesha pale pembeni ambapo kamba inazama ndani ya zege, maana hapo ndipo daraja zima limeshikiliwa.

Minara

Kata miguu minne ya sentimita 22.7. Kila mnara uwe na miguu miwili iliyoachana sentimita 8 katikati kwa katikati, ukaunganishwa kwa vipande vya kukingama: kimoja chini ya barabara, vingine juu. Kwenye kimo cha sentimita 7.4 gundisha kijiti cha kupokea barabara. Juu ya kila mguu chonga mfereji kwa tupa ya duara, kina cha milimita 4, kisha uusugue kwa msasa mpaka uzi upite bila kukwaruza. Katika daraja la kweli hapo kuna tandiko la chuma linalobeba kamba. Ukiacha kingo kali, uzi utakatika hapohapo.

Simamisha minara sentimita 58 kutoka kila mwisho wa ubao. Pima kwa pima maji pande zote mbili, gundi, misumari kutokea chini, subiri ikauke usiku kucha.

Wakati gundi inakauka nawasimulia mnara wa kusini. Ule wa kaskazini ulijengwa kando ya ufuko, kazi ikaenda. Wa kusini ulitakiwa kusimama majini, zaidi ya mita 300 kutoka pwani, mahali ambapo Bahari ya Pasifiki inaingia na kutoka ghubani kwa mkondo mkali. Ujenzi ulianza tarehe 5 Januari 1933. Wakajenga gati jembamba la kufikia pale. Mwaka huohuo meli ikaligonga, kisha dhoruba zikalibomoa. Wakarudia. Wazamiaji walishuka wakati maji yametulia kati ya kupwa na kujaa, basi. Hatimaye wakazungushia eneo ukuta wa zege wenye umbo la yai, wakafyonza maji yote ndani yake, wakajenga msingi mahali pakavu katikati ya bahari. Mtu aliyekulia pwani anajua maana ya kushindana na maji ya bamvua, kwa hiyo sehemu hii siipitii haraka.

Kamba kuu

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo nakuomba usinunue kamba iliyokwisha kusokotwa.

Nimelelewa na bibi yangu Makunduchi, Unguja. Alifukia makumbi ya nazi kwenye tope la pwani, akayaacha miezi, akayafukua, akayaponda kwa rungu, akatoa usumba, akasokota kamba kwenye paja lake. Vidole vyake vilikwenda bila yeye kuvitazama. Nilipomuuliza kwa nini anasokota, alinipa nyuzi kiganjani zikiwa zimelala tu, akaniambia nivute. Zikachomoka. Akazisokota, akanirudishia. Sikuweza. "Mjukuu wangu, uzi mfupi hauna nguvu mpaka umkumbatie mwenzake," aliniambia.

Nilibaki na elimu hiyo mpaka nilipojifunza Golden Gate, na nikashangaa: nyaya zake hazikusokotwa. Kila kamba kuu ina kipenyo cha sentimita 92, na ndani yake mna nyaya 27,572, kila mmoja mwembamba kama milimita 5 hivi, zote zimelala sambamba kama nywele zilizochanwa. Mwaka juzi mwanafunzi mmoja aliniuliza hilohilo: "Mwalimu, mbona hazisokotwi? Hazitachomoka?" Jibu liko katika kauli ya bibi. Usumba ni nyuzi fupi, zinahitaji kukumbatiana ili zishikane. Waya wa daraja unatoka nanga mpaka nanga, umefungwa huku na huku. Hauna pa kuchomokea. Na ukiusokota unaupunguzia nguvu, kwa kuwa waya uliopinda kama skrubu unajinyoosha unapovutwa, na kamba inarefuka. Waliofanya kazi hiyo walikuwa kampuni ya John A. Roebling's Sons. Walivusha gurudumu lenye kuburuta waya kutoka nanga hadi nanga, likaenda na kurudi, kwa miezi sita na siku kadhaa. Nyaya zote zikiunganishwa zinafika kilomita 129,000.

Sisi tutafanya vivyo hivyo. Nyaya za kila kamba kuu zilikusanywa katika mafungu 61, basi sisi tunavusha uzi mara 61, kila uzi ukisimama badala ya fungu moja.

Anza na uzi kiongozi. Kata uzi wa mita mbili na nusu na utie alama mbili za wino, zikiachana sentimita 132 na milimita 1. Huo ndio urefu wa kamba yenye tumbo letu kati ya mnara na mnara. Ni zaidi ya 128 kwa sababu haikunyooka. Laza alama moja katikati ya mfereji wa mnara wa kwanza, ya pili kwenye mnara wa pili, kisha funga ncha kwenye kulabu za nanga. Kati ya mnara na nanga uzi uwe umenyooka. Angalia pembe: kila sentimita 10 unazotoka mnarani, kamba inashuka karibu sentimita 4 na nusu, upande wa majini na upande wa nchi kavu. Pembe hizo zikilingana, mnara unasukumwa kwenda chini tu. Zikipishana, mnara unavutwa kwa ubavu, na utaanza kuinama kabla hujamaliza.

Sasa uvushaji. Wanafunzi wawili wakae kwenye nanga, wawili kwenye minara, mmoja abebe kijiti cha uzi. Anatoka nanga ya kwanza, anapitisha uzi mifereji yote miwili, anafika nanga ya pili, uzi unazungushwa kulabu, anarudi. Kila safari walioko kwenye minara waulinganishe uzi mpya na kiongozi: uwe umelala pembeni yake, usiwe juu yake wala chini yake. Wasiuvute. Ukivuta uzi mmoja ukakaza kuliko wenzake, mzigo wote utaanza na huo, utakatika, halafu utafuata wa pili. Hesabuni kwa sauti. Safari ya 61 inaishia upande wa pili, ndipo mfunge. Kwa darasa langu kamba moja inachukua vipindi viwili, na kelele zao huisha zenyewe karibu na safari ya ishirini, wakishaingia katika mwendo.

Mkimaliza kamba zote mbili, kusanyeni nyuzi kwa vidole na mzifunge kwa uzi mwembamba kila baada ya sentimita 8, kuanzia katikati kwenda kila upande. Kule San Francisco walizibana nyaya kwa jeki mpaka kamba ikawa duara, kisha wakaizungushia waya. Dondosheni gundi ndani ya mifereji ya minara ili kamba isitembee tena.

Kamba za wima, na mtu aliyezipigia hesabu

Kamba ikibeba mzigo uliotandazwa sawasawa kwa ulalo, umbo lake ni parabola, mkunjo unaopanda kwa mraba wa umbali kutoka katikati. Kwa hiyo urefu wa kila kamba ya wima unaweza kuujua kabla ya kuikata. Katika daraja lenyewe zinaachana mita 15. Sisi tunaachanisha sentimita 8, zinakuwa 15 kila upande. Iliyo katikati kabisa ni sentimita 1.0 kutoka kamba kuu hadi kwenye kijiti cha barabara. Ukitoka katikati kwenda mnarani zinafuatana hivi: 1.2, 1.9, 3.0, 4.6, 6.6, 9.0, na ya mwisho 11.9. Upande wa pili ni zilezile. Wanafunzi wasipewe orodha hii bure. Wachukue umbali kutoka katikati, waugawe kwa 64, wauzidishe kwa wenyewe, wazidishe kwa 14.3, waongeze 1. Wakipata tarakimu zao wenyewe ndipo walinganishe na hizi.

Kila anayekokotoa namba moja anaandika jina lake chini ya ubao, mahali ilipo kamba yake. Sababu ya kufanya hivyo ni Charles Ellis.

Jina linalotajwa siku zote ni la Joseph Strauss, mhandisi mkuu. Mchoro wake wa kwanza, wa 1921, ulikuwa mchanganyiko mzito wa vyuma uliokuwa mbali sana na daraja tunalolijua. Aliyeketi na kukokotoa daraja la kuning'inia, nguvu kwa nguvu, kiungo kwa kiungo, alikuwa Ellis, profesa wa uhandisi aliyekuwa akimfanyia kazi Strauss, akisaidiana na Leon Moisseiff wa New York ambaye nadharia yake ilieleza jinsi kamba na barabara zinavyogawana nguvu ya upepo na mzigo. Mwaka 1931 Strauss akamwondoa Ellis kazini. Ellis akaendelea kuzihakiki hesabu hizo miezi mingi bila kulipwa. Daraja lilipofunguliwa jina lake halikuwapo popote. Alifariki 1949. Bamba lenye jina lake liliwekwa pale 2012. Naliona jambo hili kuwa zito, na sitaki mtoto yeyote wa darasa langu akokotoe kitu halafu asijulikane.

Funga sasa vijiti vya mishikaki, vya sentimita 10, kwenye ncha za kamba za wima. Vyote vikae usawa wa sentimita 7.4 kutoka ubaoni. Tengeneza kipimo cha mbao chenye kimo hicho ukipitishe chini ya kila kijiti. Ni haraka kuliko kupima kwa rula.

Barabara

Kata vipande 16 vya plaiwudi nyembamba, kila kimoja sentimita 8 kwa 8. Usivipange kuanzia upande mmoja. Fanya hivyo mara moja tu, kwa makusudi, ili waone: weka vipande vitano kutoka mnara wa kushoto na utazame kamba. Upande wenye mzigo unazama, upande mtupu unapanda, barabara inakuwa na nundu. Viondoe. Kule San Francisco walianza minarani kwa pamoja, wakasogea kuelekea katikati na kuelekea nchi kavu kwa uwiano, ili kamba ziingie katika umbo lake bila kuyumba. Nawe weka kimoja kushoto, kimoja kulia, mpaka vikutane. Upande wa nje wa minara mimi naishikilia barabara kwa viguzo vifupi, ingawa kwenye daraja la kweli hata sehemu hizo, za mita 343 kila moja, zimening'inizwa.

Kabla ya kipande cha kwanza, tandazeni chandarua chini ya barabara, kutoka mnara hadi mnara. Strauss aliamuru wavu uwekwe chini ya mafundi, na wavu huo uliokoa watu 19. Lakini tarehe 17 Februari 1937 jukwaa la kazi lilichomoka, likaanguka na kuuchana, na watu 10 wakafa siku hiyo. Jumla ya waliokufa katika ujenzi ni 11. Nawataka wanafunzi waijue idadi hiyo pamoja na mita na tani.

Vipande vikishakaa, gundisha fito mbili nyembamba zenye kimo cha milimita 8 kando ya barabara, urefu wote. Hizi si urembo. Kabla hujazigundisha washa feni ya mezani ubavuni mwa daraja: barabara inapepea na kujipinda. Weka fito, washa tena, imetulia. Golden Gate lina fremu za chuma za pembetatu zenye kimo cha mita 7.6 kando ya barabara yake. Daraja la Tacoma Narrows, jimbo la Washington, lilikuwa na mihimili ya mita 2.4 tu, Moisseiff aliyesaidia Golden Gate ndiye aliyelisanifu. Lilifunguliwa Julai 1940, na tarehe 7 Novemba mwaka huohuo upepo wa kama kilomita 64 kwa saa ukalipinda mpaka likakatika. Golden Gate nalo lilitikisika vibaya kwa dhoruba ya 1951, ndipo 1954 wakaliongezea viungo vya kukingama chini ya barabara. Kata nawe vijiti vya kukingama ugundishe chini. Utaona tofauti ukilipinda kwa mkono.

Kulipakia mzigo

Rudi kwenye nanga, ambazo bado hazijazuiwa. Tia alama ya penseli mbele ya kila moja. Weka pakiti ya kwanza ya chumvi katikati, ya pili kushoto, ya tatu kulia, polepole. Kwetu nanga huanza kusogea kati ya pakiti ya tatu na ya nne, milimita moja, mbili, na minara inaanza kuinamia ndani. Ondoa chumvi upesi. Hakuna uzi uliokatika, hakuna mguu uliovunjika. Kilichoshindwa ni msuguano wa zege na mbao. Mwanafunzi akishaona zile milimita mbili, hutanihitaji kumweleza kwa nini wahandisi walichimba mwamba.

Rudisha nanga kwenye alama, kisha pigilia kipande cha mbao chenye kimo cha sentimita 2 mbele ya kila nanga, upande wa mnara, chini ya kamba. Huo ndio mwamba wetu. Weka pakiti zote sita. Kilo 3, na daraja linashuka kidogo tu na kusimama. Likishuka si kosa: katikati ya Golden Gate barabara imeruhusiwa kushuka mita 3.3 kwa mzigo na joto, na vichwa vya minara vinaweza kupinda zaidi ya nusu mita kuelekea nchi kavu. Mei 1987, wakiadhimisha miaka 50, watu wapatao 300,000 walijazana juu yake kwa miguu. Ule mgongo wa barabara uliopinda kidogo kwenda juu ukanyooka kabisa, na ukarudi walipoondoka.

Rangi

Usilipake fedha wala kijivu. Chuma kilisafirishwa kutoka Pennsylvania kupitia Mfereji wa Panama kikiwa na rangi ya kwanza nyekundu ya kuzuia kutu, na msanifu Irving Morrow alipokiona dhidi ya vilima na ukungu akaona hiyo ndiyo rangi, wakati jeshi la majini lilitaka nyeusi yenye mistari ya njano. Changanya nyekundu mbili, njano moja, na tone la kahawia, mpaka ikaribie udongo wa Muheza ukiwa umenyeshewa. Paka minara na fito mara mbili. Kamba zipake kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo, usitumie brashi, isije ikazigandisha nyuzi kwa madonge. Chini ya ubao, kwenye majina, usipake.